Mlima tunao, msimu hatuna

Ukitoka stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, ukashika njia ya Malimbe kuelekea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mawe ya itale yanaanza kukusogelea pande zote mbili. Mengine yamepandana juu ya vilima hadi unajiuliza ni nini kinachoyazuia yasiporomoke. Katikati yake kuna vijia vya watu na mbuzi, na vijana hushuka humo kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, breki ikiwa ni soli ya kandambili inayokandamizwa kwenye tairi la nyuma. Huko Uswisi watu hulipa ili wachongewe njia mbaya kama hizi.

Sisemi mzaha. Mbio za kimataifa za baiskeli za milimani hufanyika kwenye mzunguko wa kilomita chache, wenye mawe, mizizi, kona za ghafla na miteremko inayomtaka mpanda baiskeli anyanyuke kwenye kiti. Daraja la vijana ni la wenye umri wa miaka 17 na 18, nao hushindana kwa muda wa saa moja hivi. Kati ya Nyegezi na Luchelele mzunguko wa namna hiyo unapatikana bila kumwomba mtu tingatinga.

Kwa nini basi kijana wa huku hatumwoni kwenye orodha za matokeo? Jibu la haraka ni baiskeli: hana fremu nyepesi, hana shokapu, hana gia 12. Ni kweli, lakini si jibu lote. Mpe baiskeli hiyo leo, mpandishe ndege, halafu tazama kitakachompata.

Kwanza, mstari wa kuanzia. Waendeshaji huitwa mmoja mmoja kufuata pointi walizokusanya katika mbio zilizotangulia. Asiye na pointi husimama nyuma kabisa. Filimbi ikilia, wote hukimbilia njia inayobana mpaka kupita mtu mmoja mmoja, na mmoja akiteleza mbele, walio nyuma hushuka na kusukuma baiskeli huku kinara akitokomea. Pili, kanuni ya asilimia 80. Anayeachwa na kinara kwa muda unaofikia asilimia 80 ya mzunguko wa kwanza wa kinara huyo, huondolewa uwanjani. Kinara akizunguka kwa dakika 12, kijana wetu akichelewa dakika tisa na nusu na ushei, basi ameisha. Amesafiri siku mbili, amekimbia labda nusu saa, na kwenye karatasi jina lake linaandikwa pamoja na idadi ya mizunguko anayodaiwa.

Ndiyo maana nafasi ya 39 aliyoipata Adrien Niyonshuti kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London, tarehe 12 Agosti 2012, naiheshimu kuliko medali nyingi. Niyonshuti alizaliwa Rwamagana, Rwanda, mwaka 1987, na mauaji ya kimbari ya 1994 yaliwachukua ndugu zake sita. Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa Kimarekani walioiasisi baiskeli ya milimani, alifika Rwanda mwaka 2005. Nyuma yake akaja Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akawa kocha. Niyonshuti alibeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, kisha kwenye mawe ya mzunguko wa Hadleigh Farm akamaliza mbio bila kuondolewa. Lakini hakuwa ametoka Rwamagana moja kwa moja hadi London. Alikuwa ameshakaa Afrika Kusini akishindana wiki baada ya wiki na timu ya huko. Huo ndio msimu: mbio, pancha, kupona, mbio tena.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Kenya, na huwa unasimuliwa kinyume. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa mtoto alifundishwa baiskeli ya milimani na David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu. Nyumba ya Kinjah ilikuwa gereji, darasa na bweni kwa pamoja. Miaka michache baadaye Froome akaenda kusoma Afrika Kusini, ambako mbio hazikosekani mwishoni mwa wiki. Na bado, mwaka 2006, ili aingie mashindano ya dunia kule Salzburg, ilimbidi ajiandikishe mwenyewe kwa kutumia barua pepe ya shirikisho la Kenya. Akafika, akaanza mbio za kupimwa muda, akamgonga mwamuzi mara tu baada ya kuondoka. Watu hucheka wakisikia kisa hicho. Mimi hufikiria wenzake wa Mai-a-Ihii ambao hawakuwa na shule ya Afrika Kusini wala pasipoti ya Uingereza, na ambao Kinjah aliendelea kuwafundisha.

Turudi Mwanza. Mzazi akitaka mwanawe akashindane Ulaya, hesabu huanza na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kupeleka maombi ya viza ya Schengen, euro 90 zisizorudi hata akinyimwa, taarifa za benki, na ridhaa ya wazazi ikiwa hajatimiza miaka 18. Hayo yote kwa mbio moja atakayoanzia mstari wa nyuma. Kwangu huo ni ubadhirifu, hata kama fedha ni za mfadhili.

Wasukuma wa huku hawahitaji kufundishwa kupenda baiskeli. Zamani za mbio za baiskeli za Vodacom watu walijipanga kandokando ya barabara hapa Mwanza kuwashangilia waendeshaji. Na sasa Kigali, iliyoandaa mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025 kwa mara ya kwanza barani Afrika, iko karibu zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lifunguliwe Juni mwaka huohuo. Foleni ya kivuko imekwisha. Unapita Sengerema, Geita, hadi mpaka wa Rusumo. Mtanzania haombi viza Rwanda, Uganda wala Kenya. Kila nchi kati ya hizi ikiwa na mbio moja inayotambuliwa kimataifa na kutoa pointi kwa vijana, kijana atapata pointi za kumsogeza mbele mistari miwili mitatu kabla hajanunuliwa tiketi ya ndege.

Maombi ya kuingiza mbio kwenye kalenda ya dunia hupelekwa na chama cha baiskeli cha taifa, kwetu CHABATA, kabla ya msimu wenyewe. Kijana wa Nyegezi anayetimiza miaka 16 mwaka huu ana misimu miwili tu ya daraja la vijana mbele yake. Ombi lisipoandikwa kwa wakati, mmoja umeshapita.