Mkangafu kwenye tumbo tupu

Mvua zikishika mkoani Iringa, wagema hukata ncha za chipukizi za milanzi, yaani mianzi ya kugema, na kutega mbeta za kukingia utomvu. Utomvu wa kwanza ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Ukikaa, hamira ya asili hula sukari yake na kuigeuza pombe, na hapo unakuwa mkangafu. Mnywaji anayeshikilia kwamba ulanzi, yaani kinywaji hiki, ni chakula ana haki nusu, maana sukari nyingi ya mkangafu imeshaliwa kabla hajaonja.

Nalitaja hili kwa sababu wengi, Iringa na hata kwenye vilabu vya pombe ya komoni vya Mbeya, huanza kunywa hawajatia kitu tumboni.

Pombe ikifika kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho alkoholi dihidrojenasi huigeuza kuwa asetaldehidi, sumu inayoweza kudhuru DNA. Kimeng'enya cha pili huigeuza sumu hiyo kuwa asetati. Kazi zote mbili hutumia NAD, molekuli inayobeba hidrojeni. NAD ni kama bodaboda za kijiweni: mteja mmoja akizikodi zote, abiria wengine watasubiri. Na anayesubirishwa hapa ni muhimu, kwani ini huhitaji NAD hiyohiyo kutengeneza glukosi mpya kutokana na laktati.

Mwili huhangaika kujiokoa. Sukari ikishuka, kongosho humwaga homoni ya glukagoni. Homoni hiyo hunasa kwenye vipokezi vya seli za ini, na ndani ya seli ujumbe hupokezanwa hadi kuviamsha vimeng'enya vinavyovunja glaikojeni, ile akiba ya sukari. Aliyekula ugali mchana ana akiba. Aliyeshinda njaa tangu jana hana: ujumbe umefika, vimeng'enya vimeamka, lakini hakuna cha kuvunja, na njia ya kutengeneza glukosi mpya imebanwa na pombe. Ubongo, unaotegemea zaidi glukosi, ndio huumia kwanza.

Ubongo huohuo tayari umelewa. Pombe huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza neva, na hudhoofisha vipokezi vya glutamati, inayoziamsha. Mtu hupepesuka, huongea ovyo, husinzia. Bahati mbaya, sukari ikishuka mno huleta mambo hayohayo, pamoja na jasho na kutetemeka, na mwishowe degedege. Kwa macho tu, hata mganga mzoefu hawezi kutofautisha. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hutofautisha kwa sekunde chache.

Kumwagia mtu maji ya baridi au kumpa kahawa hakuliharakishi ini. Kwa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Nusu lita ya kinywaji chenye asilimia 5 ya pombe ina takriban gramu 20, basi hiyo peke yake ni kazi ya saa 2 hadi 3.

Watoto akiba yao ni ndogo zaidi, kwa hiyo hata kile kikombe cha "kuonja" anachopewa mtoto nakipinga.

Kuleni kabla ya kwenda kilabuni. Na mwenzenu akianguka, msiseme "amezidiwa, mwacheni alale." Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni chai yenye sukari. Kama haamki, msimnyweshe chochote. Mlazeni ubavu, mpelekeni kituo cha afya, na ombeni apimwe sukari mara moja.