Pima Dereva Akiwa Kitini: Gharama za Kulaza Trekta Kuukuu Nyumbani

Massey Ferguson 135 ya marehemu baba ilishushwa kwenye lori hapa Usa River saa kumi jioni, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshajua kwamba haina pa kulala. Gereji ninayo. Imelaza Corolla kwa miaka mingi bila tatizo, na mimi nilikuwa nimepima kila kitu kwa utepe: mlango upana mita 2.1 na urefu wa kwenda juu mita 2, ndani upana mita 2.7 na kina mita 5. Trekta yenyewe ina urefu wa karibu mita 3 kutoka pua hadi mikono ya haidroliki. Kwenye karatasi ilikuwa inaingia na nafasi inabaki.

Kaka yangu akapanda, akaanza kuirudisha kinyumenyume taratibu. Ule upinde wa chuma unaomkinga dereva trekta ikipinduka ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya safari, hivyo tuliona njia iko wazi. Tairi za nyuma zikapanda kizingiti. Nikaona kofia yake inagusa linta, kisha inasukumwa mbele usoni, naye bado anatazama nyuma kwa bega la kushoto. Nikapiga kelele. Alikanyaga klachi na breki kwa pamoja, ikasimama. Kati ya shingo yake na usukani palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

Baadaye tulipima upya kwa utulivu. Kaka akiwa ameketi, utosi wake uko mita 1.88 kutoka zilipo tairi. Mlango una mita 2 ukipimia nje, chini kwenye udongo, lakini sakafu ya ndani imeinuliwa sentimita 12 ili maji ya mvua yasiingie. Toa 12 kwenye 200. Kipimo cha mlango na kipimo cha kaka yangu ni kimoja.

Ndiyo maana nawasihi wote wanaotaka kuleta trekta ya zamani nyumbani, iwe ya urithi au ya kununua kwa mapenzi, wampandishe mtu kitini kwanza ndipo watoe utepe. Ukubwa wa trekta utaupata kwenye kitabu chake. Mtu anayekaa juu yake, anayeshuka, anayezunguka kwenda kufungua betri, hayumo kitabuni, na nafasi yake ndiyo utakayoilipia.

Fundi aliyekuja kesho yake alikuwa na jibu la bei nafuu kuliko yote. "Kaka, hilo chuma la juu usilirudishe. Tunabana tairi, tunakata ekzosi, dereva anainama kidogo. Imeisha." Hesabu yake ilikuwa Sh160,000: Sh70,000 za kubana tairi na Sh90,000 za kugeuza bomba la moshi lipite chini, kama baadhi ya 135 zilivyotoka kiwandani.

Kubana tairi ni jambo la kweli na la manufaa. Magurudumu ya nyuma ya 135 yametengenezwa yaweze kusogezwa. Ukigeuza ringi na sahani yake ya katikati, umbali kati ya tairi na tairi hubadilika kwa hatua ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kuanzia inchi 48 hadi 76. Yetu ilikuwa imewekwa inchi 60 kwa ajili ya mistari ya mahindi, na ukijumlisha unene wa tairi zenyewe ilifika sentimita 180 kwa nje. Mlangoni zinabaki 15 kila upande. Ukiibana hadi inchi 52 inakuwa sentimita 160, na mlangoni unapata 25 kila upande. Kwa kazi ya nusu siku, si haba.

Ila uliza kwanza kama tairi zina maji. Wakulima wengi hujaza maji tairi za nyuma ili trekta isiteleze ikivuta plau, na tairi ya ukubwa huo hubeba zaidi ya lita 150. Gurudumu lenye uzito huo likimlalia fundi, hawezi kulinyanyua. Maji yatolewe kwanza, trekta iwekwe juu ya magogo imara wala isiachwe kwenye jeki peke yake. Pia ujue kwamba trekta iliyobanwa husimama vibaya zaidi kwenye mteremko. Kama shamba lako liko Mbulu au kwenye vilima vya Karatu, utalazimika kuipanua tena kabla ya kulima.

Suala la upinde ndilo nililolikataa kabisa. Uingereza, ambako 135 nyingi zilitengenezwa katika kiwanda cha Coventry, sheria ilianza mwaka 1970 kudai kila trekta mpya iuzwe na kinga ya dereva, kwa sababu watu walikuwa wanakufa chini ya trekta zilizopinduka. Wa kwetu ulifungwa baadaye. Baba aliununua baada ya kumzika rafiki yake. Ni kweli unafunguka kwa bolti, na fundi atakwambia utaurudisha siku ya kwenda shamba. Hautarudishwa. Ni mzito, unahitaji watu wawili na spana kubwa, na asubuhi ya kulima kila mtu ana haraka. Kuukata katikati na kuutia bawaba za mtaani ni vibaya zaidi, maana utaonekana upo ilhali nguvu yake imekwisha. Zipo pinde za kukunja zilizotengenezwa hivyo na kiwanda. Ukiupata unaolingana na trekta yako, ununue. Mimi sikuupata.

Basi tuikarabati gereji? Upinde ukiwa mahali pake trekta yetu inafika mita 2.35. Mlango ulitakiwa uende juu hadi mita 2.5 na upana uongezwe hadi 2.7. Linta ya zege ivunjwe, ukuta wa juu yake ushikiliwe kwa mirunda wakati wa kazi, linta mpya isukwe nondo na ilalie ukuta angalau sentimita 20 kila upande, halafu geti jipya la chuma. Nilipewa hesabu ya Sh3,100,000, na geti peke yake lilikuwa Sh1,200,000 ya hiyo. Kwa nyumba ambayo gereji yake ni pana ndani, ningeifikiria. Kwangu upana wa ndani ungebaki mita 2.7 ileile. Ukiisogeza trekta upande mmoja bila kuigusisha ukuta, unapata sentimita 80 za kushukia, na hiyo ni baada ya kubana tairi.

Kuna na jambo la moshi. Gereji yangu ina mlango wa kuingilia jikoni. Dizeli hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa kiasi kidogo kuliko petroli, lakini hutoa, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Injini kuukuu ya asubuhi yenye baridi, inayohitaji dakika kadhaa za kunguruma kabla haijatulia, haifai kuwashwa mahali ambapo hewa yake inaingia wanakolala watoto. Mwenye Ferguson TE20, zile ndogo za kijivu zilizotengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956, aogope zaidi, kwa sababu nyingi ni za petroli. Vipimo vyake vinavutia: upana sentimita 163 hivi, urefu chini ya mita 3, uzito kama tani moja na ushei. Itaingia gereji nyingi ambazo yangu haiingii. Ila isukume nje ndipo uiwashe. Na betri yake uitazame kabla ya kugusa, maana nyaya zake zilifungwa chanya ndiyo iende kwenye bodi, kinyume na magari tuliyozoea.

Kontena la futi 20 lilinijia kichwani kwa sababu ya wezi. Bei niliyotajiwa ilikuwa Sh6,500,000 kabla ya kulisafirisha kutoka Dar es Salaam. Tuache bei. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha karibu mita 2.28, upinde wangu hauingii. Ndani upana ni mita 2.35, kwa hiyo trekta ya sentimita 180 ikiwa katikati, dereva anabakiwa na sentimita 27 za kushukia kila upande. Atatoka vipi? Mchana bati linachemka, usiku linatoa jasho, na jasho hilo linadondokea chuma cha mwaka 1970. Kwa vipuri na majembe ni chombo kizuri. Kwa trekta hapana.

Kupangisha nafasi kwenye yadi ya mtu ni Sh50,000 kwa mwezi hapa kwetu, na mwaka mmoja umeshakula Sh600,000 ambazo hazijengi kitu. Turubai peke yake linafaa kwa wiki chache. Likikaa sana linashika unyevu na kuku wanalala juu yake.

Nilichokifanya ni kujenga banda ubavuni mwa gereji, mita 4 kwa 6, wazi mbele, likiwa na nguzo zake lenyewe bila kuegemea ukuta wa uzio, kwa kuwa uzio wa tofali haukujengwa kubeba paa. Upande wa chini paa lina mita 2.6, upande wa juu mita 3.2. Nilipita kwanza ofisi ya mtaa kuuliza kuhusu kibali, nawe fanya hivyo kabla ya kununua hata msumari.

Fundi alitaka kumwaga zege banda zima. Sakafu ya mita 4 kwa 6 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 3.6, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne inameza mifuko 23 ya saruji. Nilisita. Watu huogopa uzito wa trekta, lakini 135 ina kama tani moja na nusu, chini ya Hilux. Kinachosumbua sakafu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma, na siku ya matengenezo sehemu hiyo inaweza kukalia jeki yenye kitako kidogo kama sahani ya chai. Ford 5000 ina zaidi ya tani mbili, na mwenye nayo asibane zege. Kwa yetu tulimwaga njia mbili tu, kila moja upana sentimita 70 na urefu mita 6: mifuko minane. Katikati yake, palipo na uwazi wa sentimita 82, tukamwaga kipande cha mita 2.4 kwa ajili ya jeki: mifuko miwili. Kwingine ni kokoto. Mifuko 13 iliyobaki, kwa Sh18,000 nilizonunulia, ni Sh234,000 zilizobaki mfukoni. Oili ikidondoka kwenye kokoto unazoa na kubadilisha; kwenye jeki bado tunaweka ubao mnene chini yake.

Hesabu yote ilikuwa hivi: nguzo nane zilizotiwa dawa Sh200,000, mbao na misumari Sh330,000, mabati 18 Sh558,000, saruji mifuko 14 pamoja na ya mashimo ya nguzo Sh252,000, mchanga na kokoto Sh260,000, ufundi Sh350,000. Jumla Sh1,950,000. Geti la wavu niliongeza mwezi uliofuata kwa Sh480,000, kwa sababu wezi huanza na betri, na yetu hadi leo inalala stoo.

Hivyo banda pamoja na geti ni Sh2,430,000 dhidi ya Sh3,100,000 za kuvunja gereji, na kila upande wa trekta una zaidi ya mita moja ya kutembea. Mbele zimebaki mita 3, na hizo nilizitaka makusudi: klachi ya trekta hizi ikiisha, fundi huitenganisha trekta katikati na kusukuma nusu ya mbele, hivyo asiye na mita moja na nusu ya ziada atafanyia kazi hiyo nje kwenye matope.

Siku ya kuiingiza tulifunga pedali mbili za breki kwa kile kipande chake cha chuma, ili zikanyagike pamoja na trekta isigeuke ghafla. Gia ya kwanza, upande mzito. Mpwa wangu, ambaye alikuwa hajawahi kuiendesha, alifundishwa jambo moja kabla ya kuwasha: kwenye 135 kuzima swichi hakuzimi injini. Kuna kitufe cha kuvuta. Tulimfanya akivute mara tano nje, uwanjani, mpaka mkono ukazoea njia, kwa sababu mtu aliyezoea gari ndogo atazungusha ufunguo na kubaki akishangaa huku ukuta unamjia.

Sasa inalala na mikono ya haidroliki imeshushwa chini, kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi, na juu ya bomba la moshi kopo la maziwa ya unga lililogeuzwa, lilelile alilokuwa anatumia baba. Kizimamoto cha unga mkavu tumekitundika kwenye nguzo ya mlangoni. Fundi alitaka kukiweka ukuta wa nyuma, palipo na kivuli. Nikamwomba akisogeze, maana moto ukiwaka kwenye injini hakuna atakayeupita kwenda kukichukua.