Sabufa kwenye gari: amini fyuzi, usiamini boksi

Huku Xintang, mashariki mwa Guangzhou, maisha yetu ni jinzi. Wenyeji wanashona, sisi tunanunua, tunafunga mizigo na kuituma Dar es Salaam na Mombasa. Nyumbani huwezi kufungulia muziki, maana ukuta mmoja tu unakutenga na jirani aliyetoka zamu ya usiku. Basi gari likawa ndiyo sebule yetu. Humo watoto husikiliza taarabu na bongo fleva, na Kiswahili chao hukua bila wao kujua.

Mume wangu ndiye aliyeanza. "Mama watoto, redio hii haina besi kabisa. Ngoma zinalia kama makopo."

Nilimwambia aache, hakuacha. Akarudi na sabufa na amplifaya ya bei ya kutupa, boksi limeandikwa wati 3,000. Fundi wa mtaani akafunga kila kitu kwa saa moja. Muziki ulipolia, watoto walipiga vigelegele, na mimi nilicheka.

Wiki ya pili tukiwa njiani kwenda Xiaobei, binti yetu akasema kutoka kiti cha nyuma: "Mama, kunanuka plastiki." Tukasimama kando. Nilipoinua zulia, waya ulikuwa wa moto, haushikiki. Ulikuwa umeminywa na reli ya kiti cha dereva na ganda lake limeanza kulainika. Kwenye betri hapakuwa na fyuzi hata moja. Lau ganda lingepasuka na waya kugusa bodi, hakuna kitu kingeuzuia umeme wa betri kuwasha moto chini ya miguu ya watoto.

Fundi wa pili, mzee mwenye subira, alifungua kazi yote na kuanza upya. Aliyotufundisha ndiyo haya.

Kwanza, usiing'oe redio iliyokuja na gari. Kwenye magari ya siku hizi imeshikana na skrini, kamera ya nyuma na hata milio ya tahadhari. Amplifaya nyingi zinaweza kuchukua sauti moja kwa moja kutoka nyaya za spika za nyuma. Kama yako haiwezi, kuna kifaa kidogo cha kupunguza nguvu ya sauti ile kabla haijaingia.

Pili, usisome boksi, soma fyuzi iliyo ubavuni mwa amplifaya. Yetu ilikuwa ya ampea 30. Gari likiwaka, umeme wake ni kama volti 14. Zidisha: wati 420. Sehemu nyingine hupotea kama joto, hivyo hata amplifaya nzuri ya aina hiyo hutoa kama wati 330 tu. Zile 3,000 zilikuwa wino. Ukinunua, tafuta wati zilizoandikwa RMS, na hakikisha hazipingani na fyuzi.

Tatu, waya. Nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Mwambie muuzaji unataka "chun tong", yaani shaba tupu, kisha kwangua kidogo kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Kwa amplifaya kama yetu, kutoka betri hadi buti, tuliwekewa waya wa shaba wa milimita 8 za mraba. Haupiti chini ya reli ya kiti, na kila tundu la bati unamopita lina mpira.

Nne, fyuzi ya pili iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Hii ndiyo inayolinda waya wote. Yetu ni ya ampea 40. Ikiungua, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi.

Tano, waya wa ethi uwe mfupi, unene uleule, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Ule mwembamba wa kuwashia uunganishwe mahali panapozimika ukitoa ufunguo, la sivyo asubuhi utakuta betri imekufa.

Mwisho ni kurekebisha. Kitufe cha "gain" si cha kuongeza sauti. Kianzie chini kabisa, weka redio robo tatu, kisha pandisha polepole. Sauti ikianza kukwaruza, rudi nyuma. Sabufa iachiwe besi tu, chini ya hezi 80 hivi.

Na kama gari ni la umeme, kama yalivyo mengi Guangzhou siku hizi, nyaya zenye rangi ya chungwa zisiguswe kamwe. Zina mamia ya volti.

Malipo ya fundi wa pili yalizidi bei ya amplifaya yenyewe, na mume wangu alilipa bila neno. Siku hizi, kabla ya safari ndefu, huingiza mkono chini ya zulia kupima joto, binti yetu akimsimamia.

Wanafunzi wengi hununua vifaa hivi huku na kuwapelekea ndugu zao nyumbani. Ni zawadi nzuri. Lakini ukimpelekea mdogo wako amplifaya, weka kwenye begi hilohilo waya wa shaba na fyuzi ya betri.