Paa Lako Laweza Kuokoa Meno ya Mtoto

Msomaji, ikiwa unaishi Kware, Kitengela au mjini Kajiado, bila shaka umeona vijana wenye meno ya rangi ya hudhurungi ukadhani hawapigi mswaki. Sivyo. Visima vingi virefu vya eneo hili vina maji yenye madini mengi ya floraidi. Mtoto anayeyanywa meno yake ya kudumu yakiendelea kuumbika ndani ya ufizi, yaani tangu azaliwe hadi afikishe miaka minane hivi, huweza kubaki na madoa hayo maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji. Kuchemsha hakusaidii: maji hutoka kwa mvuke, floraidi ikabaki sufuriani.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Lakini je, paa lako litakupa kiasi gani? Wazazi wengi huniambia kwamba nyumba yao ni ndogo mno. Chukua kamba, upime.

Pima urefu na upana wa ardhi inayofunikwa na paa. Usihangaike na mwinamo wa mabati. Tuseme ni mita 10 kwa 8, yaani mita 80 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Mvua ya Kajiado hutofautiana sana, kuanzia milimita 300 hivi kwa mwaka upande wa Amboseli hadi zaidi ya 1,000 kwenye vilima vya Ngong. Sisi wa nyanda tukadirie 500. Zidisha kwa 80, upate lita 40,000. Ondoa sehemu moja kwa tano, kwani mengine huruka nje ya gata, huvuja au hukaushwa na mabati yenye joto. Zabaki 32,000. Mwaka wa kiangazi, kata nusu.

Hayatoshi kufua na kuoga mwaka mzima, wala sisemi yatatosha. Lakini familia ya watu watano yaweza kunywa na kupika kwa mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Tangu masika yaishe mwezi Mei hadi vuli ianze Oktoba ni siku 150 hivi, yaani lita 3,000. Tangi la lita 5,000 linakutosha, hata vuli ikichelewa. Maji ya kisima yafulie nguo.

Ndege na paka, hata hivyo, huacha kinyesi juu ya mabati. Baada ya kiangazi, mwaga milimita ya kwanza, ambayo kwa paa letu ni mitungi minne. Funika tangi kwa wavu mbu wasizalie humo, kisha chemsha maji ya kunywa au utie klorini. Dhidi ya viini vya magonjwa, kuchemsha kunafaa sana. Paa la zamani lililopakwa rangi yenye risasi halifai kabisa.

Mtoto ambaye meno yake yameshapata madoa, mpeleke kwa daktari wa meno. Mdogo wake anayekunywa maziwa ya kopo, anza leo kumkorogea kwa maji ya mvua yaliyochemshwa.