Noti Yenye Kosa la Chapa: Tuiuze au Tuiweke?

Katika mikusanyiko yetu, ikiwa Maskati au London, suala hili huulizwa mara kwa mara. Mtu hutoa bahasha iliyokutwa katika kasha la marehemu babu yake. Ndani yake mna noti ya zamani, na noti hiyo ina kosa. Ameambiwa ina thamani kubwa. Je, aiuze?

Kwanza tulitazame kosa lenyewe. Wakusanyaji hutafuta kosa lililotokea kiwandani: namba mbili za noti moja zisizolingana, rangi iliyokosekana, au karatasi iliyojikunja kabla ya kukatwa ikabaki na pembe ya ziada. Noti iliyopauka kwa jua, iliyoingia maji au iliyopunguzwa kwa mkasi haina kosa la chapa, imeharibika tu. Na kosa likiwa katika noti nyingi mno, uadimu haupo. Australia ilitoa noti ya dola 50 mwaka 2018 yenye neno la Kiingereza lililokosewa herufi. Kosa lilipogunduliwa mwaka 2019, noti hizo milioni 46 hivi zilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Noti za rupia za Zanzibar zina hukumu nyingine. Serikali ilianza kuzitoa mwaka 1908, zama za Sayyid Ali bin Hamud. Zilichapwa na Waterlow & Sons wa London, zikapambwa kwa picha ya jahazi na ya wachuma karafuu. Mwaka 1936 rupia iliondolewa, ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Mwenye akili timamu alizipeleka noti zake zikabadilishwe, na ndiyo sababu zilizobaki ni chache. Kwa hivyo noti hiyo ni adimu hata ikiwa haina kosa lolote, na anayeiuza kwa bei ya “noti mbovu” hudhulumika.

Suala la pili: noti ni ya nani? Alichokiacha marehemu ni mali ya mirathi, na warithi wote wana haki nacho. Aliyelifungua kasha hana ruhusa ya kuuza peke yake. Tumeona ndugu wakinuniana miaka kwa karatasi iliyouzwa kimyakimya.

Rai yetu ni hii. Noti ya kawaida yenye kosa, isiyo na khabari ya ukoo, iuzwe bila ya majuto, baada ya kuonyeshwa wajuzi wawili wasiojuana. Isipigwe pasi, isifuliwe, wala isibandikwe gundi, kwani thamani huondoka papo hapo. Noti ya rupia iliyotoka nyumbani tungependa ibaki. Wengi wetu tuliondoka baada ya 1964 bila ya hati za nyumba wala za mashamba. Pengine karatasi hiyo ndiyo pekee iliyovuka bahari pamoja na wazee wetu.

Hatumlaumu mwenye dhiki akiuza. Lakini kabla ya kuuza, apige picha pande zote mbili, anukuu namba, na aandike noti ilikuwa ya nani, ilikaa wapi na ilisafiri vipi. Wazee wanaoyajua hayo wanapungua kila mwaka. Waulizeni sasa.