Je, Wajua? Mtungi wa gesi huganda hata kwenye joto la Voi

Jua linawaka Bura, huko Taita, nawe umeinjika sufuria kubwa ya pombe ya shayiri. Moto unafifia. Mtungi bado mzito, ukiutikisa unasikia gesi ikichezacheza ndani. Upapase ubavuni: chini baridi kali, umelowa jasho, pengine una utando mweupe wa barafu. Utando huo unaishia pale pale gesi iliyo majimaji ilipofikia.

Gesi ikigeuka mvuke hunyonya joto la mtungi. Jiko kubwa huinyonya haraka kuliko hewa inavyoweza kuurudishia mtungi joto. Butani huacha kuchemka karibu na nyuzi 0. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Na kwa kuwa mtungi mdogo hupokea joto kidogo, wa kilo 6 huzidiwa mapema, ule wa kilo 13 ukistahimili. Simamisha mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Moto usiukaribie kamwe!

Buibui naye ni mshukiwa. Hupenda kufuma utando ndani ya bomba la jiko lililokaa bila kutumika, hewa ikakosa njia na moto ukawa wa manjano, wenye masizi. Funga gesi, lifungue, lisugue kwa brashi nyembamba.

Pombe ya miwa ya Wataita haina shida hiyo ya gesi. Maji ya miwa huchacha yenyewe, bila kuchemshwa. Wazee waliipuliza kwa kinywa katika kutasa, ibada ya kuondoa hasira moyoni.