Daraja la Mtandao Kati ya Ofisi na Ghala

Chama cha msingi chenye kompyuta ofisini na nyingine ghalani, penye mizani, huweza kujikuta kina nyaya mbili za mtandao zisizokutana. Ikiwapo mashine ya Linux yenye kadi mbili za Ithaneti, yaweza kufanywa daraja, na pande zote mbili zikawa mtandao mmoja. Penye swichi ya akiba, afadhali swichi itumike, kwani nayo ni daraja lenye milango mingi.

Daraja si ruta. Ruta husoma anwani ya IP na kuchagua njia baina ya mitandao tofauti. Daraja husoma anwani ya kadi tu, ile ya biti 48. Kila fremu inapoingia, daraja huandika katika jedwali lake upande alikotoka mtumaji. Mpokeaji asiyejulikana hutafutwa pande zote.

Kazi huanza kwa amri `ip link add br0 type bridge`. Kisha kadi ya kwanza hutiwa darajani kwa `ip link set eth0 master br0`, na ya pili vivyo hivyo. Majina hayo ni ya mfano tu, kwani mashine nyingi huziita kadi zake vingine. Anwani ya IP iliyokuwa juu ya eth0 haina budi kuhamishiwa br0. Fundi atoaye amri hizi kutoka mbali kupitia kadi hiyo hiyo hujifungia mlango akiwa nje; heri akae mbele ya mashine yenyewe.

Hatari kubwa ni mzunguko. Pakiti ya IP hupunguziwa hesabu kila ipitapo ruta, na hatimaye hutupwa. Fremu ya Ithaneti haina hesabu hiyo. Mtu mwenye nia njema akichomeka waya wa pili kati ya ofisi na ghala, eti uwe wa akiba, tangazo moja litazunguka bila kikomo huku likizaa nakala, na kwa muda mfupi sana mtandao wote utasimama. Msimu wa ununuzi, wakulima wakiwa kwenye foleni, uzito wa mazao hautafika kwa karani wa malipo.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani. Madaraja hupelekeana habari, huchagua moja kuwa shina, kisha hufunga njia ya ziada. Njia kuu ikikatika, ile iliyofungwa hufunguliwa. Linux huunda daraja kinga hii ikiwa imezimwa! Yapasa iwashwe kabla ya kadi kutiwa darajani, kwa `ip link set br0 type bridge stp_state 1`. Ndipo br0 na kadi zote mbili huwashwa, kila moja kwa `ip link set` na neno `up`. Kwa kawaida kadi hukaa kimya sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote, nao ukimya huo si ubovu. Lakini waya uliochomekwa ncha zote mbili katika swichi ya bei rahisi isiyo na kinga utaleta dhoruba hata hivyo.

Amri hizi hupotea mashine ikizimwa. Katika Debian huandikwa katika faili `/etc/network/interfaces`. Katika FreeBSD, ambako amri zenyewe ni nyingine, huandikwa katika `/etc/rc.conf`. Baada ya kuwasha upya, amri `bridge link` ya Linux huonyesha hali ya kila kadi, na neno la kutafutwa ni `forwarding`.